Jeshi katika Nchi ya Wengine: Ushahidi wa Mara juu ya Maana ya Ubeberu

Liko swali ambalo wanafunzi wa historia na wa siasa hubishana juu yake kila mara, wala halijapata jawabu la kuwaridhisha wote. Je, taifa likiweka askari wake katika nchi nyingine, tendo hilo ni ubeberu? Wako wanaojibu kuwa ndiyo, pasipo kutaka kusikia zaidi. Kwao kambi ya mgeni ni kambi ya mgeni, na bunduki haina urafiki. Wako wengine wasemao kuwa hapana, maadamu mwenyeji ameridhia na serikali yake imetia sahihi. Majibu yote mawili ni mafupi, na yote mawili yana upungufu mmoja, nao ni kwamba hayajapimwa kwa historia ya mahali pamoja palipoona majeshi ya namna nyingi yakija, yakikaa na yakiondoka.

Mahali pa namna hiyo pako. Gorong'a ni kata ya wilaya ya Tarime katika mkoa wa Mara, jirani na Hifadhi ya Serengeti na si mbali na mpaka wa Kenya. Ni nchi ya wafugaji na wakulima, na wengi wa wakazi wake ni Wakurya. Watu wa sehemu hizi za Tarime na Serengeti, pamoja na jirani zao wa mkoa huo, wamepitia katika muda wa karne moja hali tatu ambazo mataifa mengi hujua moja tu au mbili. Kwanza walitawaliwa na jeshi la kigeni. Kisha wakawa askari wa jeshi la kigeni. Hatimaye wakawa askari wa jeshi lao wenyewe, wakaa katika nchi ya wengine. Wameguswa na makali ya upanga, na mpini wake pia wameushika. Ushahidi wao basi una uzito.

Habari huanza na mstari. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mpaka uliotoka mlango wa mto Umba huko pwani, ukazunguka Kilimanjaro, ukaishia kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria katika digrii 1 ya latitudo ya kusini. Mstari huo uliikata nchi ya Wakurya vipande viwili. Mtu aliyekuwa akienda kwa shemeji yake aliambiwa kuwa anakwenda ugenini, na hakuna mzee wa koo yoyote aliyeulizwa shauri. Yafaa jambo hili likumbukwe tangu mwanzo, kwa sababu maneno "nchi ya kigeni", ambayo swali lenyewe limejengwa juu yake, katika sehemu hizi yaliletwa na wageni.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga ngome ya mawe Ikoma, katika wilaya iitwayo sasa Serengeti. Kutoka katika maboma ya namna hiyo zilitoka amri za kodi na za kazi, na humo walirudi waliokwenda kuwaadhibu waliokataa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kuwa huo haukuwa ubeberu. Lakini msomaji na atazame ni akina nani waliosimama juu ya kuta za maboma hayo. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache. Jeshi lile lilianzishwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889 kwa askari wa Kisudani waliopatikana Misri na kwa watu waliotoka Msumbiji, na baadaye likajazwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Wengi wa waliobeba bunduki walikuwa Waafrika katika Afrika. Hapa kipimo cha kwanza, kile cha rangi au asili ya askari, kinavunjika. Askari aliyezaliwa siku chache tu za safari kutoka Ikoma aliweza kuwa mkono wa ubeberu kamili, kwa sababu amri aliyoitii ilitoka Berlin na kodi aliyoikusanya haikuwa na mwenyeji wa kuihoji.

Kipimo cha pili ni ridhaa. Wengi hukitegemea, nacho chaonekana cha haki. Walakini historia ya nchi hiihii yaonya. Mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara na nchi za jirani akikusanya alama za machifu juu ya karatasi, na mwaka uliofuata karatasi hizo zikawa msingi wa Ujerumani kudai himaya. Mbele ya sheria za Ulaya machifu wale walikuwa wameridhia. Kwa kweli hawakujua walichokitoa. Na hata kama mmoja wao alijua, hakuwa na njia ya kubadili nia kesho yake. Ridhaa ya kweli ina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Ridhaa ambayo mwenyeji aweza kuitoa mara moja tu, asiweze tena kuiondoa, imekwisha kuwa kufuli.

Vita vya mwaka 1914 viliifikia Mara mapema. Mwezi wa Septemba mwaka huo majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuingia Kisii, wakapigana na Waingereza hapo. Vita vilipokwisha, bendera ikabadilika, na Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirika la Mataifa. Waingereza nao walihitaji askari, wakaona kuwa Wakurya na jirani zao ni watu wafaao kwa kazi hiyo. Vijana waliitika. Mshahara wa jeshi ulinunua ng'ombe, na ng'ombe walitoa mahari, wakati ambapo njia nyingine za kupata fedha katika sehemu hizi zilikuwa chache. Hivyo watoto wa watu waliotozwa kodi kwa mtutu wakajifunza wenyewe kushika mtutu katika kikosi cha King's African Rifles, maarufu kwa jina la Kea.

Mmoja wa vijana wa mkoa huo alikuwa David Musuguri wa Butiama, aliyeandikwa katika Kea mwaka 1942, akatumikia Madagaska. Kisa cha Madagaska chastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka huo Uingereza iliingiza majeshi kisiwani, yakiwemo ya Afrika Mashariki, kwa kuhofia kuwa Wajapani wangelitumia bandari zake. Ilikuwa sababu ya vita, na si ya uongo. Lakini kazi ilipokwisha, kisiwa hakikurudishwa kwa Wamalagasi. Kilikabidhiwa kwa Wafaransa waliokuwa upande wa Jenerali de Gaulle, na Wamalagasi walipoinuka mwaka 1947 kudai nchi yao, Wafaransa waliwazima kwa ukatili mkubwa. Askari aliyetoka Mara alidhani amekwenda kumzuia Mjapani. Kumbe, pasipo kujua, alikuwa pia mlinzi wa mlango wa Mfaransa.

Ethiopia ilikuwa na bahati bora, lakini si bora kabisa. Mwaka 1941 askari wa Afrika Mashariki, pamoja na kikosi cha Tanganyika kilichopigana Colito, walisaidia kuwatoa Waitaliani, na mwezi wa Mei Mfalme Haile Selassie akarudi Addis Ababa. Huo ulikuwa ukombozi, wala jina jingine halifai. Hata hivyo wakombozi hawakufunga virago. Ilibidi mapatano ya mwaka 1942, na mengine ya mwaka 1944, ndipo mamlaka ya Mfalme yakarudi hatua kwa hatua, na sehemu kubwa ya Ogaden ilikaa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza hadi mwaka 1948. Kwa hiyo kipimo cha tatu, kile cha nia njema wakati wa kuingia, nacho hakitoshi. Jeshi liliingia Ethiopia kwa haki, na kukaa kwake kukaanza kufanana na kutawala. Miaka kumi baadaye vikosi vya Tanganyika vilitumwa Kenya kupigana na Mau Mau, na huko hata ile nia njema haikuwako.

Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, na haukupita muda mrefu kabla swali hili halijabisha hodi mlangoni kwake. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walidai mishahara bora, na walidai kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza waliokuwa bado wakiwaamuru miaka miwili baada ya uhuru. Kesho yake kikosi cha Tabora kikafuata. Serikali haikuwa na nguvu ya kuwazuia. Ndipo Rais Julius Nyerere akaiomba Uingereza msaada, na Januari 25 askari wake wa majini wakashuka kwa helikopta kutoka katika manowari Centaur, na maasi yakazimwa kwa muda mfupi.

Yatazamwe mambo yalivyokwenda baada ya hapo. Nyerere hakuuficha ugumu wa tendo lile. Alikiri mbele ya watu kuwa ni fedheha kwa nchi huru kuwaita watawala wake wa jana, akautaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukutane Dar es Salaam mwezi wa Februari ili itafutwe njia nyingine. Nigeria ikaleta kikosi, Waingereza wakaondoka, na kufikia Septemba Wanigeria nao wakarudi kwao, wakati Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoanza kujengwa upya. Hata jina la kambi lilibadilika. Colito, lililoadhimisha vita vya Waingereza, likaacha nafasi kwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Basi askari walewale wa dola ileile iliyoitawala nchi kwa miaka zaidi ya arobaini walikuja mara hii pasipo kuwa mabeberu. Hapakuwa na badiliko lolote katika rangi yao, silaha zao wala bendera yao. Kilichobadilika ni kwamba yuko mwenyeji aliyeweza kuwaambia, "Ahsanteni, sasa nendeni," na neno lake likatimizwa.

Hiki ndicho kipimo ambacho vile vingine vyote vyakiashiria. Si nani aliyeliita jeshi, bali nani awezaye kuliondoa. Na pamoja na hilo, wakati wa kukaa kwake, nani ashikaye uamuzi wa nchi. Mfano wa upande mwingine ni Guantánamo. Mkataba wa mwaka 1903, uliothibitishwa mwaka 1934, uliipa Marekani kituo katika Kuba, na hauwezi kuvunjwa mpaka Marekani yenyewe ikubali au iondoke. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1959 imekuwa ikitaka kituo kifungwe, na hundi za kodi ya kila mwaka imekataa kuzipeleka benki. Karatasi yasema mpangaji, lakini mwenye nyumba hana ufunguo. Kinyume chake, mwaka 2023 watawala wa Nijeri waliwaambia Wafaransa waondoke, na kabla mwaka haujaisha wakawa wameondoka. Mtu aweza kuwapenda watawala wale au kuwachukia, lakini hawezi kusema kuwa nchi yao haikuwa na ufunguo siku ile.

Ni rahisi kumpima Mjerumani, Mwingereza na Mmarekani. Kipimo cha haki hujulikana pale mtu anapojipima mwenyewe, na kwa Tanzania mizani hiyo ni Uganda.

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakaua, yakapora, na Amin akatangaza kuwa nchi hiyo sasa ni ya Uganda. Tanzania ilikuwa na haki kamili ya kumfukuza. Baada ya kumfukuza iliendelea mbele. Masaka na Mbarara zilianguka mwezi wa Februari 1979, na Aprili 11 Kampala ikatekwa. Divisheni ya 20 iliyosonga kuelekea mji huo iliongozwa na Musuguri yuleyule wa Butiama, ambaye sasa alikuwa jenerali. Na katika safu zake walikuwamo vijana wengi wa Tarime na Serengeti, kwa maana desturi ya Kea ya kuchukua askari kutoka Mara ilikuwa imerithiwa na jeshi jipya.

Waganda waliwapokea kwa shangwe. Hata hivyo katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi wa Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuvunja kanuni kwamba nchi isiingilie mambo ya nchi nyingine, na Rais Godfrey Binaisa wa Uganda akaitetea. Ubishi huo ulikuwa juu ya kuingia. Lakini kwa kipimo kilichokwisha kutajwa, jambo kubwa zaidi ni yaliyotukia baada ya kuingia, nayo hayana wepesi.

Rais wa kwanza baada ya Amin, Yusuf Lule, alishika madaraka Aprili 13, 1979, na kufikia Juni 20 alikuwa ameondolewa na baraza la Waganda wenzake. Wafuasi wake walijaa katika njia za Kampala kumtetea. Mwenyewe alipelekwa Dar es Salaam, akakaa huko kwa muda ambao yeye hakuupanga. Binaisa aliyemfuata aliangushwa mwezi wa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga, na jeshi la Tanzania, lililokuwa na nguvu ya kulizuia jambo hilo, halikulizuia. Mwezi wa Desemba ukafanyika uchaguzi ambao wapinzani waliulalamikia, akatangazwa mshindi Milton Obote, aliyekuwa amekaa Tanzania kama mgeni wa Nyerere tangu alipopinduliwa mwaka 1971. Askari wengi wa Tanzania walirudi nyumbani kufikia katikati ya mwaka 1981.

Je, huo ulikuwa ubeberu? Wenye kukana wana hoja nzito. Tanzania haikuchukua shibiri moja ya ardhi ya Uganda, haikupeleka walowezi, haikutoza kodi. Gharama ya vita, ambayo hukadiriwa kuwa dola milioni 500, iliibeba yenyewe pasipo msaada wa kutosha kutoka kwa wengine, na uchumi wake uliumia kwa miaka mingi. Beberu gani huyu arudiye nyumbani maskini kuliko alivyotoka? Tena aliondoka. Hoja hizi ni za kweli, na kwa sababu yake neno ubeberu, lenye maana ya utawala wa kudumu kwa faida ya mtawala, halifai kubandikwa juu ya tendo lile.

Lakini ukweli una upande wa pili, na mwanachuoni hana ruhusa ya kuuruka. Katika miezi ile 26 Uganda haikuwa na ufunguo. Serikali yake isingaliweza kuwaambia wageni waondoke, kwa sababu pasipo wao haikuwa na jeshi la kuilinda. Marais wawili walianguka wakati bunduki yenye nguvu kuliko zote nchini ilikuwa ya wageni, na kila Mganda, awe alifurahi au alihuzunika, alitazama Dar es Salaam kujua nini kitaruhusiwa. Hakuna aliyepanga hivyo. Jeshi lenye nguvu likikaa katika nchi dhaifu huwa jiwe katika mizani, hata likinyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa kauli. Tanzania haikuwa beberu, lakini ilisimama mahali anaposimama beberu. Kilichoiokoa ni kwamba haikuota mizizi hapo. Somo hilo yaelekea halikupotea. Mwishoni mwa mwaka 1986 askari wa Tanzania walikwenda Msumbiji kuisaidia serikali ya huko dhidi ya Renamo, wakarudi mwaka 1988, na hakuna rais wa Msumbiji aliyeondolewa au kuwekwa kwa sababu yao.

Gharama ya Uganda haikuishia katika hazina ya serikali. Ilifika Mara pia, tena kwa njia ambayo wachache waliitazamia. Baadhi ya bunduki za vita zilirudi pamoja na waliozishika, na wizi wa ng'ombe, uliokuwa wa mishale na mapanga, ukawa wa risasi. Michael Fleisher, aliyechunguza habari za Wakurya wa Tarime na kuchapisha kitabu chake mwaka 2000, aliona kuwa vita vya Uganda na utumishi wa jeshi kwa jumla vilichangia sana kugeuza mwenendo wa uvamizi huo, ng'ombe wakaibwa kwa ajili ya soko la pande zote mbili za mpaka, na damu ikamwagika kuliko zamani. Katika miaka ya 1990 wananchi walilazimika kuunda sungusungu na kulipa nguvu mpya baraza lao la iritongo ili kuwasaka wezi, kazi ambayo polisi hawakuiweza. Hivyo nchi iliyowapeleka watoto wake kuwatoa Waganda katika utawala wa bunduki ilijikuta nayo ikipambana na bunduki nyumbani.

Kwa hiyo swali lililoulizwa mwanzo halijibiwi kwa ndiyo wala kwa hapana. Jeshi katika nchi ya wengine si ubeberu kwa sababu tu limo, wala haliponi jina hilo kwa sababu tu liliitwa. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na wahenga haohao wakasema kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Methali hizi hazipingani, maana ya kwanza ni ya mlango wa kuingilia, na ya pili yamkumbusha mgeni kwamba nyumba ina mwenyewe.

Mwanafunzi atakayesikia leo juu ya askari wa Kiingereza wanaofanya mazoezi Nanyuki katika Kenya, au juu ya kambi za Wamarekani, Wafaransa, Wajapani na Wachina zilizojaa Jibuti, asianze kwa kuuliza kama walialikwa. Karibu wote walialikwa. Na aulize kama mkataba unaweza kuvunjwa na mwenyeji peke yake, na kwa muda gani. Na aulize askari mgeni akimdhuru mwenyeji atasimama mbele ya hakimu wa nani, jambo ambalo limewasumbua Wakenya kwa miaka mingi, hata kamati ya Bunge lao ikaanza mwaka 2023 kuuchunguza mwenendo wa askari hao. Na aulize kama serikali iliyowaita ingesimama siku moja baada ya wao kuondoka. Serikali isiyoweza kusimama hivyo haina sauti ya kumwambia mgeni aende, hata kama sahihi yake imo katika kila ukurasa wa mkataba.